Wiki Ambayo Maswali Hakusalimia Mtu

Nyumba ya Wapangaji, Chumba cha Mwisho,
Nyuma ya Kiwanda cha Sabuni.
Tarehe 14 Juni

Mpendwa kaka,

Habari za huko nyumbani? Mgongo unaendeleaje, au bado unanyanyua injini peke yako wakati karakana imejaa vijana? Sikio lako halijawahi kusikia dawa. Mimi sijambo, ila usingizi umenihama. Kazi ya udobi ipo, nguo chafu hazijawahi kuisha duniani.

Mwanao Maswali ni mzima wa mwili. Hilo naweza kukuapia leo, la kesho silijui.

Uliniuliza hiyo sosholojia anayosoma ni kitu gani. Mimi nilidhani ni mambo ya kugawa mablanketi kwa wenye shida. Alinisahihisha, mikono kiunoni: ni sayansi, shangazi. Wenzetu wanachunguza mawe na vyura, sisi tunachunguza watu wanavyoishi pamoja. Hatuhubiri watu waweje, tunaangalia wakoje, tunakisia sababu, kisha tunapima kama tumekisia sawa. Nikamwambia basi wambea wote wa pale bombani ni maprofesa. Akacheka, akasema tofauti ni kwamba umbea haujipimi.

Sasa sikiliza. Mwalimu wao aliwafundisha habari za kaida, yaani zile sheria ambazo hakuna aliyeziandika na kila mtu anazifuata. Akawatuma kila mmoja avunje moja iliyo ndogo, mahali asipojulikana, aone watu watafanyaje, kisha awaeleze na kuwaomba radhi papo hapo. Mwanao akaona kusafiri kwenda kwa wageni ni kujisumbua, wakati bomba la uani lipo na watu wamejaa. Akaacha kusalimia. Wiki nzima, kaka, na mimi hakuniambia.

Siku za mwanzo walimtania. Mama wa mapacha alimuuliza kama ameposwa na waziri. Halafu utani ukaisha. Wakawa wananyamaza anapopita, na mshonaji wa chumba cha pili akahamisha ndoo zake zisikae karibu na zetu. Wakati huo huo ikavuma kwamba mwenye nyumba anataka kuiuza na sisi tutolewe, na kwamba kuna mtu humu anampelekea habari za kila chumba. Hakuna aliyemtaja mtu. Walikuwa wanatazama mlango wetu tu.

Wiki ilipokwisha, Maswali alikwenda bombani akawaeleza kwa furaha, kama mtu aliyefichua zawadi. Akasema hakuwa na kinyongo na mtu, alikuwa anawachunguza tu. Kaka, nilikuwa nimeshika beseni, likaniponyoka. Kuwachunguza! Mpangaji mwenzetu aliye mlinzi wa zamu ya mchana, yule mpole, akamuuliza, "Umetumwa na nani?" Akajibu mwalimu. Mshonaji akaguna, akasema, "Lisemwalo lipo."

Tangu hapo mambo yamebadilika. Kamba yetu ya nguo ilikatwa, shuka za wateja nikazikuta matopeni. Kufuli letu likajazwa gundi. Juzi mapacha, ambao mwanao ndiye aliyewafundisha kuhesabu, walimwona wakakimbilia ndani, na mama yao akafunga dirisha taratibu huku ananitazama mimi. Hakuna anayetutukana. Afadhali wangetutukana.

Yeye haogopi, na hilo ndilo linaloniogopesha zaidi. Nilipomwonyesha kufuli alisema, "Tulia shangazi, hizi zinaitwa adhabu zisizo rasmi, tumezisoma." Anaona kundi, anaona sheria za kundi, anaeleza vizuri hata mimi naelewa. Haoni kwamba yumo ndani. Anadhani anatazama mvua kupitia dirishani, kumbe amelowa.

Jumapili kuna kikao cha wapangaji. Sisi hatukuitwa, ila mlinzi alinisogelea akaniambia, bila kunitazama usoni, nimwambie binti asipite njia ya nyuma jioni.

Kwa hiyo nakuomba, kaka, mwite mwanao kabla ya Jumapili. Mdanganye kwamba unaumwa. Mimi hanisikii, mimi ananichunguza. Wewe ukisema njoo, atakuja.

Msalimie wifi, na shemeji fundi bomba. Mwambie mama dawa yake ya miguu nimeipata, ataileta huyo huyo mwanao akija. Mdogo wetu kinyozi naye mpe salamu, aache kunyoa watu huku anaangalia mpira.

Nilitaka kufunga barua hapa, lakini kuna jambo la leo asubuhi, na usipolijua utadhani tunao muda.

Tulikuwa bombani, wote. Maswali akatoka akiwa amevaa vizuri kwenda chuoni. Akasimama katikati yao, akawaamkia mmoja mmoja kwa heshima zote. Hakuna aliyeitikia. Wakaendelea kuchota maji. Kisha akanigeukia mimi, bado anatabasamu, akasema, "Shikamoo, shangazi."

Wakaacha kuchota. Wote wakanitazama, wakangoja.

Huyo ni mtoto niliyemlea tangu ana meno mawili, kaka. Nilifungua mdomo. Nikaona kamba iliyokatwa, nikaona mshonaji ameinua kichwa, na ile marahaba nikaimeza. Nikainama, nikabeba ndoo yangu, nikaingia ndani. Nyuma yangu mama wa mapacha akaniita kwa sauti ya upole sana, akinitakia kazi njema. Wiki tatu alikuwa hajanisemesha.

Mchukue mwanao. Mungu awalinde nyote huko, na amtangulie yeye njiani.

Ni mimi nikupendaye,
Dada yako dobi