Beseni la Maji Meusi

Musoma, Jumamosi

Kalifua! Wiki nzima shuka langu jeupe lilining'inia kwenye banda la Mama Bhoke la kubanikia samaki, linase moshi, ili leo watu wachore kwa vidole kwenye yale masizi. Alfajiri mwenye banda kalifua. Eti wageni wanakuja, wasikute shuka chafu kwake.

Nilimfokea. Mtu mzima, sawa na mama yangu. Bado linaniuma.

Halafu nikaona beseni alilofulia. Maji meusi kama wino.

Tukatundika shuka likiwa bichi, beseni chini yake. Nikawaambia watu wachovye vidole, wachore mahali mwilini wanapoona moshi unaingia. Wakachora mapafu, macho, mtoto mgongoni. Walijaa mpaka barabarani! Sijawahi kuona sanaa yangu ikigombaniwa hivyo.

Mama Bhoke alichora wa mwisho, akanusa kidole. "Kumbe hiki ndicho tunavutaga?"

Jioni nikainua beseni nikamwage. Akanishika mkono.

"Acha, mwanangu. Baba Bhoke anakataaga kutuwekea bomba la moshi. Leo haya ndiyo atanawia kabla ya ugali."