Fulana ya Marquel

Dada Yolanda,

Hapa Baltimore hatujambo, na goti la mama limepata nafuu. Jana kanisani kila mtu alinishika mkono, nikadhani wananipa pole. Kumbe! "Dada yako kawapa vidonge vyao kwenye televisheni! Msalimie!"

Hata mimi nilikutazama. Bwana mmoja akidai mauaji ya mjini yanaletwa na rangi yetu, mwenzake akidai ni umaskini, na wewe katikati umevaa fulana yenye picha ya Marquel, ile niliyoichapisha kwa mazishi ya mwanangu. Ukalia, wakakupigia makofi.

Nakuonea wivu, dada. Makofi chukua. Tangu wampige risasi, mimi chozi halijanitoka hata moja.

Ni mimi, mama yake,
Renita