Glasi Iliyofunikwa

Kaka yangu,

Mama hajambo, ameanza kutembea na fimbo.

Nimesikia yaliyokupata mbele ya wanunuzi wa kiwanda cha nguo. Pole. Nilipokuwa namuuguza mama, ulichukua daftari langu, ukasema unga wa grafini, ile kaboni nyembamba mno, wa kusafisha maji machafu ya rangi za nguo ni wako, na jina langu ukalifuta. Ila namna ya kuuoka sikuiandika. Ilikuwa kichwani mwangu. Ndiyo maana unga wako unanyonya rangi tu, kama sifongo. Wangu unaivunja kabisa kwa mwanga wa dirishani.

Wanasema ulipokuwa ukiwaonyesha kwamba unga wako unavunja rangi kwa mwanga, mkaguzi wao mzee alikuambia, "Hebu funika glasi moja ya maji hayo, isipate mwanga." Rangi ikatoweka vilevile. Akauliza, "Sasa mwanga unafanya kazi gani hapa?"

Swali hilo nilimwandikia mimi, wiki moja kabla. Jumatatu naanza kazi kiwandani kwao.

Mama bado anawaringia majirani kwa unga wa mwanawe. Leo nitamwambia ni mwana yupi.

Mdogo wako,
ambaye ulizoea kumwita mwosha chupa