Kituo cha Minot

Velva, Dakota Kaskazini
3 Novemba 1996

Mwanangu Solveig,

Hujambo huko? Sisi tunazisukuma siku. Ugonjwa wa kutetemeka wa mama yako umeshuka hadi miguuni. Sasa namnyanyua mimi, na mgongo unalalamika. Simu siisikii vizuri, ndiyo maana naandika.

Umesema kampuni mbili za ndege zinakutaka. Ile ya jeti, kule Cincinnati, utakuwa kapteni upesi. Hii ndogo ya ndege za pangaboi ina kituo Minot, karibu na hapa nyumbani. Jirani yetu Orville anacheka: “Binti kasoma yote hayo aje aendeshe trekta lenye mabawa?” Mwache acheke. Chagua mwenyewe. Lakini mama anakuulizia kila asubuhi, nami peke yangu siwezi tena.

Baba

Amarillo, Texas
12 Januari 1997

Baba mpenzi,

Shikamoo, na mama pia. Mimi ni mzima wa mwili tu. Wale wa jeti niliwakatalia kwa ajili ya Minot. Bwana wa ajira wa kampuni hii ndogo aliniambia, “Minot? Baridi ile nani anaitaka? Utapata.” Nikasaini. Baada ya mafunzo ndipo tukaambiwa kuwa aliyetangulia kuajiriwa ndiye anayechagua kituo kwanza, na mimi ndiye wa mwisho. Nimetupwa huku Texas, rubani wa akiba. Nakaa kando ya simu nikingoja mwenzangu augue. Nimewapigia Cincinnati kuwabembeleza. Nafasi zimejaa.

Mwaka huu wa kwanza ni wa majaribio. Ukikosa kufika kazini hata siku moja, wanakutimua. Nifanye nini, baba? Ukiniambia niache, nitaacha leo.

Binti yako

Velva
2 Februari 1997

Mwanangu,

Tunashukuru tunapumua. Usiache. Ukiacha, nani atakuchukua tena? Theluji imefika madirishani. Mama hamezi vizuri. Namlisha supu ya viazi kwa kijiko, nusu inamwagika. Jana aliniuliza, “Solveig ameshatua?” Nikasema bado. Akasema, “Basi tumngoje, ndipo tule.” Tukakaa mpaka chakula kikapoa.

Omba ruhusa, hata ya siku mbili. Nakusihi.

Baba

Amarillo
9 Februari 1997

Baba,

Salamu zangu ni fupi leo, unisamehe. Nimeomba. Mkuu wa marubani akanijibu, “Kila mtu hapa ana mama.” Nitarudi kwake kesho, na kesho kutwa. Mwambie mama nitakuja. Mshike mkono kwa niaba yangu.

Binti yako

Amarillo
20 Aprili 1997

Baba,

U hali gani? Hii ni barua ya nne tangu mazishi ya mama, nawe kimya. Pale kanisani ulinipa mkono kama mgeni. Mchungaji Hauge anasema huli mpaka Orville aje kukulazimisha, na kitanda cha mama bado kiko sebuleni.

Nilifika siku mbili baada ya yeye kuondoka.

Jana mkuu aliniita. Marubani wawili wa Minot wamehamia kwenye jeti. “Ulikisumbukia sana kituo hicho,” akasema. “Haya, ni chako.” Nilitoka nikakaa kwenye ngazi ya ndege mpaka fundi akaja kuuliza kama naumwa. Nilitaka nirudi nikamtupie kituo chake usoni.

Nimekubali, baba. Naanza tarehe mosi Mei, na jioni hiyo nitakuja nyumbani, unijibu usinijibu. Ukitaka kunifukuza, simama mlangoni unifukuze mwenyewe, ili angalau niisikie sauti yako.

Binti yako