Kumtafuta Mzee Kazungu kutoka Angani

Jumapili, Likoni. Magharibi imeshapita. Joto limeganda ndani ya nyumba, feni inazungusha hewa ileile, na miye nimekaa mbele ya chai ya tangawizi iliyopoa bila kuonjwa. Mke wangu amepita mara mbili akaitazama, hakusema kitu. Anaponyamaza yeye, ujue hali si nzuri.

Leo nimempandisha Katana ndege.

Mliozoea kunisoma hapa mnajua nimembembeleza miaka mingapi. Tulifanya kazi pamoja Kipevu, meza yake ikitazamana na yangu, na kila nikimwalika alinijibu vilevile: "Salim, siku nitakayopanda kile kijidege chako, jua nimeichoka dunia." Mke wangu naye hukiita pikipiki yenye mbawa. Ni ndege kuukuu ya viti viwili, tumeinunua watu wanne waliofikia umri wa kufanya upuuzi, na kwa tumbo langu hili abiria hubakiwa na nusu kiti.

Leo hakunitania. Nilipofika uwanjani Changamwe nilimkuta ameshafika, amesimama kando ya lango na mfuko wa plastiki mkononi, ndevu hazijanyolewa.

Baba yake amepotea.

Mzee Kazungu alitoka nyumbani kwa Katana, Magogoni, Alhamisi asubuhi, baada ya kunywa uji wake. Akili yake imekuwa ikimtoka polepole. Jina la mwanawe hulisahau, ila boma alikozaliwa, huko ndani Kilifi, halisahau, ingawa halipo tena. Kila siku husema anakwenda nyumbani. Alhamisi alikwenda kweli. Ripoti ilipigwa polisi, picha ikasambazwa kwenye simu, dada yake Katana akazunguka hospitali zote na kule kwingine tunakokutaja kwa kunong'ona. Jana jioni ndipo kijana mmoja wa bodaboda akasema alimbeba mzee wa shati jeupe na kikoi cha buluu, akamshusha ng'ambo ya Mtwapa, lami inapokwisha. Mzee alimwambia amefika kwake.

Sasa hili nitaliandika, kwa sababu shajara isiyosema kweli ni ya nini. Kiu na jua vinamtisha Katana, lakini watu wanamtisha zaidi. Mzee Kazungu huingia nyumba za wenyewe akidhani ni zake. Huwauliza mnafanya nini hapa. Kule ndani, mgeni mwenye kichwa cheupe anayeingia ua wa mtu alfajiri, asiyejua hata jina lake, anaweza kuitwa mchawi kabla hajapewa maji. Wazee wameuawa kwa neno hilo. Katana ni mtu wa huko, analijua hilo kuliko miye. Tangu Alhamisi ana dua mbili zinazopigana kifuani: baba aonekane, na baba asionekane na mtu.

Wazo la ndege lilikuwa langu. Yeye alitaka twende kwa gari. "Gari ya nini," nilimwambia jana kwenye simu, sauti imenijaa urubani, "kutoka juu tutaona kila kitu."

Kila kitu!

Upepo ulikuwa mpole. Mnara ulipotupa ruhusa ya kuruka, Katana akabonyeza kitufe cha redio nilichomkataza kukigusa, akaitika kwa heshima zote: "Ahsanteni sana, Mungu awabariki." Yule bwana wa mnarani akasema, "Amina." Tulicheka sote wawili. Hatukucheka tena.

Nani aliyenidanganya kwamba kutoka juu mtu huona? Juu unaona mapaa. Unaona mikorosho imebanana, na chini yake kivuli ambamo jeshi zima laweza kulala usilione. Kila cheupe kilikuwa Mzee Kazungu. Gunia lililonasa kwenye ua, mbuzi, shuka iliyoanikwa, tena mbuzi. Katana alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye dirisha, akisema, "Pale. Hapana. Pale."

Nikamuuliza mfukoni mna nini. Dawa za presha za mzee, akasema, ndara zake, na chupa ya chai. "Ukishuka nimpe."

Ukishuka. Kumbe alidhani tukimwona nitatua papo hapo, kama bodaboda. Sikuwa nimemweleza kwamba ndege hii haitui shambani kwa watu. Miye nilidhani anajua, naye alidhani najua ninachofanya. Nilimwambia taratibu, macho nimeyaelekeza mbele. Aliukunja mdomo wa ule mfuko, akaukunja tena.

Tulikuwa karibu kugeuza tulipomwona mtu. Shati jeupe, fimbo, peke yake kwenye njia ya miguu baina ya mashamba mawili. Mwendo wa mzee. Katana alinishika mkono kwa nguvu hata ndege ikayumba.

"Zunguka."

Nikashuka chini kadiri nilivyoruhusiwa, na kidogo zaidi. Nikazunguka. Yule mzee alisimama, akatuinulia fimbo. Nikazunguka mara ya pili, na hapo watu wakaanza kutoka majumbani. Ndege ndogo haifiki kule kila siku, achilia mbali inayong'ang'ania mahali pamoja. Mara ya tatu walikuwa wengi, wanakimbia kwenye ile njia kutoka pande zote mbili, na mzee yuko katikati. Aliiacha njia, akajaribu kwenda mbio kuingia kwenye mahindi. Alikuwa anachechemea.

"Si yeye," Katana akasema. "Baba hachechemei. Si yeye, Salim. Twende."

Nikageuza. Mafuta nayo yalinitaka nigeuze, lakini ningegeuza hata kama tangi lingejaa.

Tukatua, tukaingia garini, tukafika Makupa. Hapo ndipo akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya nyanya: "Wale watu walikuwa wakimkimbilia yule mzee, au walikuwa wakitukimbilia sisi?"

"Sisi," nikamwambia. "Watoto hupenda ndege."

"Enhe. Watoto."

Hawakuwa watoto. Watoto walikuwemo, lakini waliotangulia walikuwa wanaume wazima. Labda walikuja kushangaa ndege. Labda sasa hivi wanamcheka babu yao aliyekimbilia mahindini. Labda ni mzee anayeheshimiwa na kijiji kizima, na kesho atasimulia jinsi alivyofukuzwa na mdudu wa chuma. Nimejipangia labda nyingi tangu alasiri, na zote zinakaa vizuri mpaka nikumbuke jinsi alivyokuwa akikimbia.

Mtu hakimbii hivyo kuikimbia ndege.

Na angekuwa ndiye? Hilo ndilo limeninyima chai. Tungekuwa tumemwona Mzee Kazungu, mwanawe yuko juu na dawa zake mapajani, hawezi kushuka, hawezi kuita, na miye namzunguka na kumzunguka, nawaonyesha watu kwa kidole kutoka mbinguni: huyu hapa, mgeni wenu huyu hapa. Nilikwenda kumtafuta mzee asiyefaa kuonekana na watu, kwa chombo chenye kelele kuliko vyote nilivyo navyo. Nilimpeleka rafiki yangu akaone hivyo kwa macho yake. Na siku nzima ya kumtafuta baba yake imekwisha.

Baada ya magharibi Katana alipiga simu. Salamu kwa mke wangu, habari za nyumbani, yote kwa utaratibu, sauti imekauka. Kisha: je, kesho tunaweza kuruka tena, mapema zaidi, kabla watu hawajaamka? Nikasema ndiyo. Sijui kumkatalia. Nikakata simu, nikakaa, kisha nikampigia tena nikamwambia hapana, ndege sirushi.

"Basi nitakwenda peke yangu," akasema.

"Hutakwenda peke yako, weye. Nakuja na gari."

Nitavuka na feri ya kwanza, nimchukue Magogoni, twende mpaka lami inapokwisha. Kutoka hapo ni miguu, na tumbo langu litajua lenyewe la kufanya. Kila ua tutapiga hodi, tutasubiri tukaribishwe, tutaketi tukipewa kiti. Sina matumaini makubwa. Leo ni siku ya nne, na Mzee Kazungu hana dawa, hana ndara, hana hata jina lake. Lakini tutauliza.

Tutauliza habari za wazee wawili. Wa kwanza tunayo picha yake. Wa pili nitalazimika kueleza nilimwona wapi, na nilikuwa nikifanya nini nilipomwona.