Ekra Imezimwa, Mwalimu Hamisi

Mwalimu,

Nimeuhama mfumo wako. Naanza na hilo kabla hujalisikia kwa wengine huko uliko, maana najua ungenuna mpaka sala ya jioni. Linux yako, uliyoniwekea kwa mkono wako na kuisifu kama mtoto wa kwanza, haimo tena kwenye kompyuta ya ofisi. Vumilia kidogo nikueleze.

Tangu tulipokuzika Bugarama, koperative ya mpunga imeleta programu mpya. Kila mkulima na kila gunia lazima lipitie humo. Niliifungua, nikabonyeza mishale, nikangoja. Kimya. Kwenye mfumo wako, sauti inayonisomea ekra haikutamka neno. Meneja, kwa roho nzuri kabisa, akasema: "Haina shida, maman. Solange atakusomea, weye utaandika tu."

Nikakumbuka siku yetu ya kwanza, vipofu wawili mbele ya ekra ya kompyuta uliyoizima makusudi ili mpita njia asije kutusaidia kwa nguvu. Ulisema: "Muntu akikukamatia kipanya, kazi haiko yako tena." Hasira ikanipanda. Solange simchukii, anapima magunia vizuri na ana heshima. Lakini baada ya muda nani angeniita karani? Ningekuwa mama mmoja tu anayekaa karibu na karani.

Nikamwomba meneja aniache nijaribu mwenyewe kabla hajaamua. Fundi wa Kamembe akaleta kompyuta yenye Windows na ile programu ya bure ya kusoma ekra, ambayo wewe uliikataa hata bila kuisikia. Ndiyo, uliikataa! Ulikuwa mbishi, Mungu akurehemu. Nikafanya ulivyonifundisha: nikazima ekra, nikachomoa kipanya nikakitia mfukoni, nikajipa kazi ya kweli. Kumwandika mkulima, kukosea uzito wa mpunga wake, kuusahihisha, kuhifadhi. Ikasema, Mwalimu. Kila nafasi ilijitaja: jina, kijiji, uzito.

Ila sauti ilikuwa ya Kifaransa. Majina yetu ya Kinyarwanda ilikuwa ikiyatafuna, hakuna mkulima ambaye angeitika. Hapo nilikulilia, tena mbele ya fundi. Sisi tulikuwa na ujanja wetu: kumpa Mswahili wa kompyuta, ile sauti yake ya Kiswahili, atusomee Kinyarwanda, kwa lafudhi ya mgeni aliyeolewa huku zamani. Nilidhani sauti ile nimeizika pamoja nawe.

Nikafuta machozi, nikaingia penye kuchagua sauti, nikashuka moja moja. Ilikuwamo. Ile ile, kavu, yenye mafua, tuliyokuwa tukiicheka mpaka chai inapoa. Nikaichagua. Ikasoma "Nyirahabimana" bila kujikwaa, nami nikamwambia fundi kwamba tunaichukua hii.

Sasa nafanya kazi yangu mwenyewe. Bado napotea. Njia za mkato ulizonikaririsha hazifanyi kazi huku, na vidole vinaendelea kuzitafuta. Jana nilifunga kila kitu nikitaka kuhifadhi tu. Nitazoea. Sikuuacha mfumo wako kwa kukuchoka, niliuacha ili nibaki na kile ulichonipa.

Kompyuta yako ya zamani iko kwangu Mururu, na mfumo wako umo, sijaugusa. Kuna mama mmoja wa Nkombo, macho yake yamezimika mwaka huu, amesikia habari zangu na anataka kujifunza. Nitamfundishia hapo. Somo la kwanza unalijua.

Meneja amepita sasa hivi, akaona ekra nyeusi, akauliza: "Maman Domitila, courant imekatika?" Nimemwambia hapana, umeme upo, niko kazini.

Pumzika, Mwalimu wangu. Nakuahidi hakuna atakayenishikia. Kipanya bado kiko mfukoni.

Domitila wako