Sugu za Vidole vya Binti Yetu

Mama watoto, uliona, ukajifanya unakunja nguo. Asubuhi hii mama yangu kamlowesha tena binti yetu vidole kwenye maji moto, kavipaka mafuta eti vilainike, sugu zikabanduka. Bila sugu, nyuzi za gitaa zitamkata upya kila siku. Leo binti kaniambia, "Baba, gitaa liuze tu."

Mimi nilijifundisha gitaa mwenyewe, na mama alinikanda hivyohivyo mpaka nikaacha. Sijasahau. Kiwandani nawagomea mabosi, lakini mbele ya mama naufyata.

Chai iko kwenye chupa.

Akitoka shule, afanye mazoezi ya kubadilisha mikao miwili tu ya vidole niliyomchorea, polepole, hadi kila uzi ulie safi. Vidole vikiuma, apumzike.

~~Mama amkande kidogo tu.~~ Hapana. Mama yuko sokoni. Ficha mafuta sasa hivi, kabla hajarudi.

Baba watoto